Miguu Miwili Nje

Ijumaa iliyopita alipita hapa barazani kwangu mama mmoja wa Msanzi, Silvana jina lake, anauza ulezi. Nikamwuliza kama anamfahamu Luciana, yule aliyekuwa akikaa nyumba ya ng'ambo, kwa marehemu Mzee Bashiri. Akanijibu, "Luciana tulimzika kabla ya mvua za kwanza." Hivyo tu, huku anajaza pishi. Nilikaa chini. Mume wangu Hamis aliposikia aliacha cherehani, akakaa mikono imelala mapajani. Jioni nikawaambia majirani, na mnajua walinijibu nini? "Luciana yupi?"

Luciana yupi. Mtu amechota maji nanyi kisima kimoja miaka ishirini na sita, amewapikia kwenye misiba yenu, amewakandia udongo wa nyumba zenu, leo mnaniuliza Luciana yupi. Nilikasirika mpaka nikaunguza maandazi ya sufuria nzima. Basi kaeni niwasimulie, na asiyetaka kusikiliza aende zake, sitamshika nguo.

Alikuja mjini ana miaka kama kumi, ameshikwa mkono na shangazi yake. Mama yake amefariki, baba yake ameoa kwingine na kule hatakiwi. Shangazi aliingia dukani kwa Mzee Bashiri kununua chumvi. Mke wa mzee, Bi Hamisa, akamtazama yule mtoto, akauliza kama anajua kuchambua mchele, maana siku zile mzee alikuwa akipandisha mchele wa Muze, kule bondeni, kwa punda na mawe yake hayaishi. Shangazi akasema anajua. Chumvi ikaenda Msanzi, mtoto akabaki. Hakuna aliyeandika chochote wala kusema atakaa mpaka lini. Bi Hamisa hakujaaliwa kuzaa, akamchukua kama wake.

Alikuwa amebatizwa, na Bi Hamisa hakumgeuza dini. Alisema, "Mtoto wa watu amekuja na Mungu wake, mimi simvui." Kila Jumapili Luciana alikwenda misheni kwa miguu, akarudi, akafunga kanga, akaingia jikoni. Siku ya Idi alipika pilau ya watu arobaini na kula chake peke yake karibu na jiko. Siku ya Krismasi alirudi kutoka misa, hana wa kumpikia. Wenzake wa misheni walimwita yule wa kwa Mwislamu. Sisi wa huku, Mungu atusamehe, tulimwita yule Mkristo. Hakuwa binti wa nyumba ile, hakuwa mtumishi, na hapakuwa na neno la kumwita. Mimi ndiye niliyekuwa namwita mdogo wangu, na hata mimi sikumwita hivyo mbele za watu mara nyingi kama nilivyopaswa.

Aliwahi kuposwa. Modesti, katekista, mtu wa heshima, ana baiskeli. Alikuja mara tatu, na mara zote tatu Bi Hamisa alikuwa kitandani, miguu imevimba. Luciana akamwambia asubiri mama apone. Mama hakupona upesi, na Modesti alikuwa na haraka zake. Akaenda kuoa kule Laela. Nilimwambia Luciana waziwazi kwamba amefanya ujinga, akanijibu, "Dada, mama ningemwacha na nani?" Nikanuna siku mbili.

Bi Hamisa alipokufa wakabaki wawili, mzee na yule binti, na midomo ya watu ikapata kazi. Eti mwanamke mzima anakaa na mzee asiye baba yake. Mzee mwenyewe kifua kilikuwa kimemshika miaka mingi, akipanda ngazi mbili za msikiti anapumzika kama aliyebeba gunia. Nilikwenda kwa mmoja mmoja nikawaambia, haya, asiyependa Luciana akae mle, aje yeye amkande mzee kifua alfajiri, ampikie uji wa ulezi, amfulie. Hakuja mtu. Wakapunguza maneno, hawakuyaacha.

Duka lilikuwa limekwisha kufungwa. Ilibaki nyumba: vyumba vitatu, ukumbi mwembamba katikati, na mlango wa mbele mdogo uliochongwa na fundi ambaye nadhani alipima kwa jicho moja. Luciana ndiye aliyeishika nyumba ile isianguke. Kila kiangazi alikanda udongo akaziba nyufa, na kila baada ya miaka michache alikwenda kukata majani akaezeka upande uliooza. Alisema "nyumba yetu", na hakusema kwa kujidai. Kwao Ufipa ndivyo wanavyohesabu. Ukienda Msanzi ukaona nyika imelala, ukamweleza mkubwa wa kijiji, ukalima, ukafukia majani na kuinua matuta yako, shamba lile ni lako muda wote unaolilima. Hakuna hati. Jembe lako limeonekana na watu wameona, yamekwisha. Luciana aliondoka kwao mdogo lakini hilo alikuwa nalo kichwani.

Mzee Bashiri hakuwa na imani hiyo. Alikuwa mfanyabiashara, alijua mambo ya mjini. Kiangazi cha mwaka arobaini na saba alijikongoja mpaka Boma akamwambia karani kwamba anataka nyumba iwe ya Luciana. Karani akamweleza: ardhi si yako, ni ya Serikali, wewe una haki ya kukaa tu. Nyumba ndiyo yako. Unaweza kumpa mtu, ila lete hati yenye mashahidi wawili, na Bwana Shauri, yule Mzungu wa Boma, akubali. Kisha karani, ambaye hakuwa mjinga, akaongeza kwamba mzee ni Mwislamu, na ndugu zake wakija kudai, baraza litatazama sheria ya dini yake. Akamshauri akamwulize kwanza mwalimu wa msikiti.

Mwalimu alikuja nyumbani, nami nilikuwepo, nimeleta chai. Mzee akamwuliza, "Nikifa leo, Luciana anapata nini?"

"Hapati kitu," mwalimu akasema. "Si damu yako, si mke wako, na dini yenu si moja. Mrithi wako ni mtoto wa ndugu yako aliye Ujiji."

"Nikimwachia wasia?"

"Wasia mwisho wake theluthi. Atapata theluthi ya vyote ulivyo navyo, na wewe una nyumba hii tu. Atakaa chumba kimoja kwa hisani ya mrithi."

Mzee akasema hataki Luciana akae kwa hisani ya mtu, amekaa hivyo maisha yake yote. Maneno yale yalinikata, maana sikujua kama mzee aliliona hilo.

Mwalimu akasema basi iko hiba, zawadi ya mtu akiwa hai, na hiyo haina theluthi. Lakini ina masharti. Useme umempa, naye aseme amepokea, kisha umkabidhi. "Na kukabidhi nyumba si maneno," akasema. "Wewe unalala humu, vitu vyako vimo humu, nyumba bado iko mkononi mwako hata ukiandika hati kumi. Utoke, wewe na kitanda chako na sanduku lako. Umpe ufunguo mbele ya mashahidi, afunge mlango, afungue. Nyumba imekuwa yake. Baada ya hapo akipenda atakukaribisha ndani kama mgeni wake."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Niwe mgeni wa Luciana," akasema, na ilionekana wazi kwamba jambo lile limempendeza. Luciana alikuwa jikoni anasikia yote. Aliniambia baadaye kwamba sheria yetu inachosha, mtu ameshasema mbele ya watu, anahamishwahamishwa ya nini. Nikamwambia afanye alivyoambiwa. Ningempiga kofi siku ile, pengine ingesaidia.

Hati ikaandikwa, mzee akatia dole gumba, mume wangu Hamis akatia sahihi pamoja na mwadhini. Kukabidhi kukaahirishwa, mara mvua, mara mwadhini kasafiri, mara kifua. Mpaka ikafika Juni ya mwaka uliofuata, na mzee akasema imetosha, ni leo.

Nyinyi mnaijua Juni ya hapa. Upepo ulikuwa unashuka kutoka milimani tangu asubuhi, nguo za Hamis zimening'inia zinapiga ukuta, maji ya kunawa yanauma vidole. Watu wakatoa vitu vya mzee vyote, sanduku, mkeka, birika la shaba, fimbo, taa, tukavipanga uani mbele ya nyumba. Akabaki yeye juu ya kitanda chake cha kamba, maana wiki ile hakuweza kusimama. Wakamnyanyua na kitanda, Hamis na mwadhini mbele, mwalimu na mimi nyuma. Ndiyo, mimi, nilikuwa na nguvu.

Ule mlango wa fundi wa jicho moja ukatukamata. Tukainamisha, tukasukuma, miguu miwili ya mbele ikavuka kizingiti. Upepo ukaingia chini ya blanketi la mzee. Akaanza kukohoa, na hakikuwa kikohozi cha kila siku. Midomo yake ikageuka rangi. Alikuwa akitupungia mkono tuendelee, lakini pumzi hazirudi, macho yamemtoka.

Luciana alikuwa nje amesimama tayari kupokea ufunguo. Akaja akashika ile miguu miwili ya kitanda kwa mikono yake, akasema, "Mrudisheni."

Hamis akamwambia, "Hatua tatu tu, Luciana. Tumefika."

"Mrudisheni ndani. Mtamwua baba kwa ajili ya mlango?"

Mwalimu akamweleza taratibu kwamba bila kutoka, hiba haijatimia. Luciana akasema, "Amesema mmesikia. Vitu vimetoka mmeviona. Kwetu imekwisha. Mrudisheni." Na alikuwa analia, naye si mtu wa kulia.

Tukamrudisha. Akafunikwa, akakandwa, akatulia. Alipopata sauti akasema, "Mwanangu, umejinyima." Akamjibu, "Nyamaza baba, jua likirudi tutakutoa." Tukakubaliana sote mwezi wa tisa, upepo ukipungua. Tukarudisha sanduku, mkeka, birika, fimbo na taa. Mimi ndiye niliyerudisha taa.

Mwezi wa nane, siku ya jua zuri, Mzee Bashiri aliamka vizuri, akanywa uji, akaegemea ukuta, akafa. Hakukohoa hata mara moja. Siku ile angeweza kutoka kwa miguu yake, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Huseni, mtoto wa ndugu yake, alikuja kutoka Ujiji kwa meli mpaka Kipili, akapanda lori mpaka hapa. Ningefurahi angekuwa mtu mbaya, ningekuwa na pa kuitua hasira yangu. Alikuwa mpole, ana watoto watano na nyumba ya kupanga. Alimshukuru Luciana kwa kumtunza ami yake, tena kwa dhati, kisha akasema nyumba ni ya warithi. Luciana akampa ile hati. Huseni akaisoma mara mbili, akasema yeye hawezi kuamua peke yake, waende baraza.

Siku ya kuamkia shauri nilimkalisha Luciana hapa hapa nilipokaa. Mwadhini alikuwa amekwisha hamia Mpanda, kazi za migodini. Mwalimu alikuwa amekwenda hija na hakuna aliyejua atarudi lini. Alibaki shahidi mmoja, mume wangu. Na Hamis, mtu ambaye hawezi kumdanganya mteja hata kwa uzi, alikuwa ameniambia akiwa ameinamia cherehani yake, "Akisema kitanda kilitoka, mimi sitambishia." Mwanamume yule sijawahi kumsikia akisema jambo zito kama hilo.

Nikamwambia Luciana, "Utaulizwa neno moja tu. Kitanda kilitoka? Sema kilitoka. Miguu miwili ilitoka, kwa hiyo si uongo wote, ni nusu. Hamis atanyamaza. Una miaka thelathini na sita, huna mume, huna mtoto, huna baba. Ukitoka mle unakwenda wapi?"

Akatazama mikono yake. Akasema, "Nimekusikia, dada." Nikadhani tumeelewana.

Baraza lilijaa siku ile, wale wale ambao leo hawamkumbuki. Hakimu alikuwa mtu mzima, anaongea polepole. Karani akasoma hati. Hakimu akasema hati inaonyesha nia, na nia haina ubishi, lakini sheria inauliza kama marehemu alikabidhi. Akamgeukia Luciana.

"Marehemu alitoka katika nyumba?"

Luciana alikuwa ameshika rozari yake ndani ya kanga, niliona shanga moja. "Hakutoka," akasema.

Hakimu, nadhani alitaka kumsaidia, akauliza tena. "Kitanda chake je? Nasikia kilitolewa."

"Kilifika mlangoni. Miguu miwili ikawa nje, miwili ndani. Kikarudishwa."

"Nani alisema kirudishwe?"

"Mimi."

"Ulijua kwamba kikirudi, nyumba haijawa yako?"

"Mwalimu aliniambia. Mimi niliona imekwisha kuwa yangu. Nimeikanda miaka yote."

"Kwa nini ulikirudisha?"

"Palikuwa na upepo," Luciana akasema.

Hakimu akaigeuza kalamu yake. Kisha akasema yeye hakuitunga sheria, amepewa aifuate, na mali ambayo mwenyewe hakuiachia mkono mpaka kufa ni mali ya warithi wake. Nyumba ikawa ya Huseni. Akampa Luciana mwezi mmoja wa kuhama.

Tulipotoka nje nilimfokea. Nilimwambia mbele za watu kwamba ni mpumbavu, kwamba kwa neno moja angekuwa na pa kulala mpaka kufa. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Dada, nikisema kilitoka, ni kama nilimwacha akae kwenye ule upepo." Akaenda zake. Matusi yangu yale ndiyo niliyompa siku aliyopoteza kila kitu, mimi niliyejiita dada yake. Nilimwomba radhi jioni, nikamwambia ahamie kwangu, chumba cha nyuma kipo. Akanishukuru, akasema amechoka kukaa nyumba za watu.

Hakungoja mwezi. Kesho yake asubuhi alimwita Huseni, akatuita Hamis na mimi, akatuambia tusimame mashahidi. Alikuwa amekwisha kufagia vyumba vyote na kukanda upya ufa wa ukumbini. Akatoa vitu vyake nje: mkeka, bakuli mbili, jembe, kifurushi cha nguo, msalaba wa ukutani. Havikujaza hata nusu ya pale tulipopanga vitu vya mzee. Kisha akaingia tena, akakitoa kile kitanda cha kamba. Hamis alitaka kumsaidia, akakataa. Alikilaza ubavu, na kwa ubavu kikapita mlangoni bila kugusa popote. Hakuna yeyote kati yetu sote wanne aliyefikiria hivyo siku ile, lakini siku ile kilikuwa na mtu juu yake. Akakisimamisha uani.

Akafunga mlango kwa ufunguo, akaufungua, akampa Huseni ufunguo. "Nyumba hii nimekukabidhi mbele ya hawa. Vitu vyangu vimetoka. Sema umepokea."

Huseni alishindwa kumtazama. "Nimepokea," akasema, na sauti yake ilikuwa chini. Kisha akaongeza, "Karibu ndani, dada. Kaa kwa raha yako, siku zozote utakazo."

"Ahsante," Luciana akasema. "Nimeshatoka."

Akajitwika kifurushi, mkeka juu yake, jembe begani, akashika njia ya Msanzi. Nilimsindikiza mpaka pale nyumba zinapokwisha. Kule, Silvana ameniambia, walimwonyesha nyika, akalima, akainua matuta yake, na hakuna aliyemwuliza hati. Alikaa peke yake. Nilikuwa nikijiambia kila mwaka nitakwenda kumwona, ni mwendo wa siku mbili tu, na sikwenda.

Niliporudi siku ile Huseni alikuwa amekaa kizingitini, mkono umeshika ufunguo, hajaingia. Kitanda cha mzee kilikuwa pale pale uani, miguu yote minne nje.